Riwaya ya sarakasi ya Uingereza enzi ya Malkia Victoria: naomba ushauri kabla sijaendelea

Mwandishi wa Tanga

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika riwaya kwa Kiswahili ambayo matukio yake yanatokea Uingereza katika miaka ya 1840, ndani ya kundi la sarakasi linalohama kutoka mji hadi mji kaskazini mwa nchi hiyo. Mhusika wangu mkuu ni kijana mweusi aliyeajiriwa kutunza farasi. Kundi lenyewe nimelijenga juu ya kundi lililokuwepo kweli, la Pablo Fanque, mtu mweusi aliyezaliwa Norwich kwa jina la William Darby, akafunzwa kazi na mwenye sarakasi aitwaye William Batty, kisha mwaka 1841 akaanzisha kundi lake mwenyewe akiwa na farasi wawili tu. Hakuna mtu mweusi anayejulikana kumiliki sarakasi nchini humo kabla yake. Nilipomsoma kwa mara ya kwanza nilishangaa kwamba habari za mtu kama huyu hazijawahi kunifikia kwa lugha yangu, na tangu siku hiyo sijaweza kumwacha.

Hadithi yangu inaanza mwaka 1847 na kilele chake ni usiku wa tarehe 18 Machi 1848 mjini Leeds, roshani ya watazamaji ilipoporomoka wakati wa onyesho na mke wa Fanque, Susannah, akapoteza maisha.

Sura za mwanzo nilimpa mhariri azisome, naye akanirudishia na mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba niongeze simba, tembo, hema kubwa na watu wanaoruka kwenye bembea za juu, kwa kuwa bila hivyo msomaji hataona kuwa yuko kwenye sarakasi. La pili ni kwamba kijana wangu nimfanye mtumwa aliyetoroka, kwa sababu eti msomaji hataelewa vinginevyo mtu mweusi alikuwa akifanya nini Leeds wakati huo. Mapendekezo yote mawili yamenikosesha raha, ila sina maarifa ya kutosha ya kuyajibu.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Onyesho la sarakasi la mwaka 1847 lilikuwa na nini hasa? Kijana wangu, ambaye ningependa sana awe ametoka pwani yetu, anaweza kuwa amefikaje kule bila mimi kudanganya historia? Na la tatu, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: nina haki gani ya kumtungia maneno na mawazo mtu aliyeishi kweli, tena katika usiku uleule aliompoteza mkewe?

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Binti yangu, hongera kwa kazi uliyoianza. Acha nianze na mhariri wako, maana ushauri wake ukiufuata utaiharibu riwaya kabla haijasimama. Sarakasi anayoiona yeye kichwani ni ya mwishoni mwa karne ya 19, ile iliyokuzwa na Wamarekani, ambayo P. T. Barnum aliiingiza London kwa kishindo katika jumba la Olympia mwaka 1889. Wewe unaandika habari za miaka arobaini kabla ya hapo, na katika miaka hiyo arobaini karibu kila kitu kilibadilika.

Sarakasi ya Uingereza ilizaliwa migongoni mwa farasi. Philip Astley, aliyekuwa sajini meja katika jeshi la wapanda farasi, alifungua uwanja wake karibu na daraja la Westminster mwaka 1768, akawa anafundisha watu kupanda farasi asubuhi na kuonyesha umahiri wake mwenyewe alasiri. Wachekeshaji, watembea juu ya kamba na wapiga sarakasi za ardhini aliwaongeza baadaye ili kujaza nafasi kati ya farasi mmoja na mwingine. Hata miaka ya 1840, mtu aliyelipa kiingilio alikuwa amekuja kuona farasi kwanza, na London jumba la Astley liliigiza hata vita vya Waterloo kwa farasi halisi.

Bembea ya kuruka haikuwepo kabisa. Jules Léotard, Mfaransa, aliruka kutoka bembea moja hadi nyingine mbele ya watazamaji wa Paris tarehe 12 Novemba 1859, na London alifika mwaka 1861. Ukimweka mruka bembea Leeds mwaka 1848, msomaji anayejua ataifunga riwaya yako palepale. Hema lilikuwepo, kwa kuwa Mmarekani Richard Sands alizunguka nalo Uingereza tangu mwaka 1842, lakini katika miji mikubwa, na hasa katika miezi ya baridi, kundi lilifanya kazi ndani ya jengo la duara la mbao. Majengo mengi ya namna hiyo yalijengwa haraka kwa ajili ya msimu na kubomolewa baadaye. Bila mbao hizo hakuna mkasa wa Leeds, kwa hiyo ukiweka hema unaifuta sura yako muhimu kuliko zote kwa mkono wako mwenyewe.

Simba walikuwepo nchini, ila makazi yao ya kawaida yalikuwa kwenye maonyesho ya wanyama, ambayo ilikuwa biashara ya watu wengine. George Wombwell alikokota vizimba vyake kutoka gulio hadi gulio mpaka alipofariki mwaka 1850, na Mmarekani Isaac Van Amburgh aliingia na simba wake kwenye jukwaa la Drury Lane, ukumbi wa maigizo wa London, ambako Malkia Victoria mwenyewe alikwenda kumtazama mwaka 1839, tena zaidi ya mara moja. Ukitaka simba, mpeleke kijana wako kwenye gulio siku ambayo maonyesho ya wanyama yamepiga kambi mji uleule, amwone mnyama wa bara la wazee wake akiwa ndani ya kizimba kwenye mvua ya Yorkshire. Tukio hilo linaweza kuwa na nguvu kuliko simba kumi uwanjani.

Kuhusu utumwa, mhariri wako amekosea kwa namna inayoniudhi. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, na kile kipindi cha watu kufanyishwa kazi kwa jina la uanagenzi kikafutwa mwaka 1838. Watu weusi walioishi Uingereza yenyewe wakati huo walikuwa mabaharia, watumishi wa majumbani, mafundi, wanamuziki. Fanque alizaliwa huru katika mji wa kawaida wa Kiingereza, na alionekana uwanjani Norwich tarehe 26 Desemba 1821 akitangazwa kama kijana Darby. Kumlazimisha kila mtu mweusi wa karne ile aingie hadithini kwa mlango wa pingu ni kuwanyima haki watu walioingia kwa milango mingine.

Mtunza Farasi, Maskati

Shikamoo Mwalimu. Dada wa Tanga, mimi nimefanya kazi mazizini huku Omani kwa muda mrefu, na ningependa kuongezea pale ambapo Mwalimu amesema farasi ndio kiini, kwa sababu waandishi wengi hutamka neno hilo kisha hawaonyeshi kitu.

Uwanja wa Astley ulikuwa na kipenyo cha futi 42, yaani karibu mita 13, na kipimo hicho ndicho kinachotumika duniani mpaka leo. Farasi anayekwenda mwendo wa kuruka taratibu ndani ya duara la ukubwa huo huinama kidogo kuelekea katikati, na mtu aliyesimama mgongoni mwake naye huinama pamoja naye, hivi kwamba nguvu inayomsukuma nje na uzito wake mwenyewe vinamkandamiza miguu mgongoni badala ya kumwangusha. Duara likiwa dogo mno farasi anakosa mwendo, na likiwa kubwa mno msaada ule unapungua. Kwa hiyo farasi bora wa kusimamiwa hakuwa yule mwenye kasi, bali yule mwenye mgongo mpana na hatua zisizobadilika, anayeweza kuzunguka kwa mwendo uleule hata bendi ikipiga, karatasi ikichanika usoni pake na watu wakipiga kelele. Akibadilisha hatua moja tu wakati mpandaji yuko hewani, mpandaji anatua mahali ambapo mgongo haupo.

Hapo ndipo kazi ya kijana wako inapopata uzito. Yeye ndiye anayejua asubuhi ile kama farasi amelala vizuri, kama ukwato una joto, kama mgongo una kidonda chini ya tandiko lile bapa. Yeye ndiye anayepaka mgongoni unga wa utomvu mkavu wa msonobari ili miguu ya mpandaji isiteleze, na ndiye anayelichambua vumbi la mbao uwanjani kwa reki asije farasi akakanyaga msumari au kokoto. Msimamizi anasimama katikati na mjeledi mrefu, na kazi ya mjeledi huo kwa sehemu kubwa ni kumwonyesha farasi mwendo unaotakiwa. Hata mchekeshaji ana kazi kwa farasi: mazungumzo yake na msimamizi yanampa farasi na mpandaji nafasi ya kupumua kabla ya mruko unaofuata. Mchekeshaji William Wallett, aliyefanya kazi na Fanque, alijulikana kwa kunukuu Shakespeare uwanjani, na wakati yeye anatamka mistari hiyo, kijana wako anahesabu pumzi za farasi.

Ukitaka onyesho moja la kulielezea kwa kirefu, lipo lile lililobuniwa na Andrew Ducrow mwaka 1827, ambalo makundi mengi yaliliiga. Mpandaji anasimama juu ya farasi wawili wanaokimbia sambamba, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Kisha farasi wengine wanaachiwa mmoja baada ya mwingine wapite katikati ya miguu yake, naye anainama na kuokota hatamu za kila mmoja anapopita, mpaka mbele yake pawe na kundi zima la farasi lililoshikwa na mikono miwili. Fikiria sasa aliye nyuma ya pazia, anayepaswa kumwachia kila farasi kwa wakati wake barabara. Kwa upande wa Fanque mwenyewe, sifa yake kubwa ilikuwa kufundisha farasi. Alipocheza Astley's mwaka 1847, magazeti ya London yalimshangilia yeye na jike lake jeusi, Beda, aliyepiga hatua kwa kufuata muziki. Farasi wa namna hiyo hafundishwi kwa kipigo. Anafundishwa kwa saa nyingi za kurudia jambo dogo, na kijana anayetazama saa hizo kila siku anajifunza bwana wake ni mtu wa aina gani bila mtu kumwambia.

Kuhusu njia ya kufika kutoka pwani yetu, ipo, tena inapita kwa farasi. Meli ya Sayyid Said bin Sultan iitwayo Sultana, ileile iliyofika New York mwaka 1840 ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ilikwenda London mwaka 1842 ikiwa na mjumbe mwingine, Ali bin Nasir. Miongoni mwa zawadi zilizopelekwa kwa Malkia Victoria walikuwamo farasi. Farasi hawavuki bahari peke yao: lazima awepo mtu wa kuwanywesha, kuwashika meli inapoyumba na kuwafuta jasho. Historia haikuandika kwamba mtu wa namna hiyo alibaki Uingereza, lakini haikuufunga mlango huo. Kijana wa Unguja au Tanga aliyevuka na farasi wale akiwa na miaka kumi na mitano angekuwa na ishirini mwaka 1847, na fundi wa farasi hakosi kazi palipo na farasi.

Mkazi wa Leeds

Ndugu zangu, nimefurahi sana kukuta mjadala huu, kwa kuwa naishi katika mji ambao mambo haya yalitokea. Makaburi ya zamani ya Woodhouse sasa ni bustani ndani ya Chuo Kikuu cha Leeds, inaitwa St George's Field, na ingawa mawe mengi yaliondolewa, mawe ya Susannah Darby na mumewe bado yapo. Wanafunzi hupita kando yake wakielekea madarasani, na wengi wao hawajui waliolala hapo ni nani.

Nitajibu swali la tatu la dada. Mimi naona usiingie moyoni mwa Fanque. Hadithi yako ina macho tayari, macho ya kijana wa zizini, basi yatumie hayo. Kijana anaweza kusikia bosi wake akitoa amri, akibembeleza farasi, akibishana juu ya bei ya shayiri. Anaweza kuona uso wake. Kinachoendelea ndani ya mtu yule usiku wa tarehe 18 Machi kibaki chake. Utakuwa umemheshimu, na wakati huohuo hadithi itakuwa na nguvu, kwa sababu msomaji atalazimika kumtazama kama kijana anavyomtazama, akikisia.

Ila nina ombi kuhusu Susannah. Katika maelezo mengi ninayoyasoma anaingia ili afe tu. Alikuwa binti wa mtengeneza vifungo wa Birmingham, na usiku ule alikuwa sehemu ya kulipia kiingilio, mbao zilipomwangukia kichwani. Maana yake alikuwa kazini. Mke wa mwenye sarakasi mara nyingi ndiye aliyeshika fedha, na anayeshika fedha ndiye anayejua kama wiki ijayo kutakuwa na nyasi za farasi. Mpe sura kadhaa za uhai kamili: anavyohesabu sarafu, anavyomtambua mtu anayetaka kuingia bila kulipa, anavyoamua nani alipwe kwanza mvua inapoharibu maonyesho. Akifa baada ya hapo, msomaji atakuwa amepoteza mtu anayemjua. Na usifiche jambo linaloweza kumsumbua msomaji, kwamba Fanque alioa tena mwaka huohuo wa 1848, akamwoa Elizabeth Corker, ambaye naye alikuwa mpanda farasi. Usimhukumu na usimtetee, bali waache watu wa kundi wazungumze kama ambavyo wangezungumza.

Jambo jingine ni rangi. Mchungaji Thomas Horne, aliyekuwa karibu na watu wa maonyesho, aliandika baada ya miaka mingi kwamba katika udugu wa wapanda farasi hapakuwa na mpaka wa rangi, na kwamba kilichotazamwa ni uwezo. Naamini kuna ukweli mkubwa humo, kwa kuwa Fanque hangeweza kuendesha kundi kwa takriban miaka 30 kama wenzake wangemkataa. Lakini ni maneno ya rafiki wa watu wa maonyesho aliyekuwa akimsifu marehemu, tena yanahusu watu wa ndani ya kazi, hayahusu mtaani. Katika miaka hiyohiyo Waingereza walijaa kumbini kutazama wazungu waliojipaka masizi usoni na kuigiza watu weusi kwa kejeli, na kundi moja la Wamarekani wa namna hiyo lilivuma sana London mwaka 1846. Kijana wako angeweza kuona bango la waigizaji hao limebandikwa kwenye ukuta uleule wenye bango la bosi wake. Usilieleze sana, ila mfanye asimame mbele ya ukuta huo.

Msomaji wa Kisumu

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini naona mnamfunga mwandishi mikono. Riwaya si kitabu cha shule. Kama jina la Fanque linamletea hofu kiasi hiki, kwa nini asilibadilishe tu, akatunga mwenye sarakasi wake mwenyewe katika mji wake mwenyewe, kisha akawa huru kumpa mawazo, makosa na mapenzi anayoyataka? Wasomaji wetu wanahitaji hadithi inayowashika, na ni wachache watakaokaa kukagua kama bembea ilikuwepo mwaka 1848 au mwaka 1859.

Pia sijaona mtu akigusa habari za watoto. Nimesoma kwamba watoto wadogo walitumiwa sana katika sarakasi hizo. Hilo peke yake lingetosha kuwa riwaya.

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Ndugu wa Kisumu, ushauri wa kubadilisha jina ni halali, na kwa mwandishi mwingine ningeuunga mkono. Lakini huyu ameanza na mshangao wa kukuta mtu wa kweli ambaye habari zake hazijamfikia kwa lugha yake. Akilifuta jina, msomaji atafunga kitabu akidhani mwenye sarakasi mweusi wa mwaka 1848 ni ndoto nzuri ya mwandishi wa Tanga. Kulibakiza jina ni kumpa msomaji kitu anachoweza kwenda kukithibitisha. Mkanganyiko nao una tiba: ukurasa mmoja mwishoni mwa kitabu, unaosema waziwazi nani aliishi na nani ametungwa. Kijana wa meli ya Sultana aandikwe humo kwamba ametungwa, na hilo halitampunguzia chochote.

Kuhusu wasomaji kutokagua, mimi sikubaliani. Msomaji asiyekagua ndiye anayestahili uangalifu zaidi, kwa kuwa yeye ataliamini lile uliloliandika.

Mwandishi wa Tanga

Nawashukuru kwa dhati, na Mwalimu, shikamoo. Jina litabaki, na ukurasa huo wa mwisho nitauandika. Kijana atakuja na farasi wa Sayyid Said mwaka 1842. Nilipoisoma habari hiyo niliacha kila kitu nikaanza kuandika sura mpya ya kwanza. Simba nitamweka kwenye gulio.

Nimebakiwa na maswali mawili. Hilo la watoto aliloligusa ndugu wa Kisumu nalitaka pia, kwa sababu nina msichana wa miaka tisa katika kundi na sijui sheria ilisema nini. La pili ni usiku wenyewe wa mkasa. Nimeliandika poromoko hilo mara kadhaa, na kila ninapoliandika linageuka kuwa kelele tupu. Kijana wangu awe wapi?

Mkazi wa Leeds

Sheria, kwa mwaka 1848, haikusema lolote la kumsaidia msichana wako. Bunge lilipitisha sheria ya kukataza watoto walio chini ya miaka 14 kutumiwa katika maonyesho ya hatari mwaka 1879, na mwaka 1897 ikapanuliwa kufikia wavulana walio chini ya miaka 16 na wasichana walio chini ya miaka 18. Kabla ya hapo mzazi aliweza kumkabidhi mtoto kwa mwenye sarakasi kwa mkataba wa miaka kadhaa kama mwanagenzi, na mapato ya mtoto huyo yakawa ya bwana wake. Fanque mwenyewe alipitia njia hiyo kwa Batty, na hilo linakupa nafasi nzuri sana: mtu aliyekuwa mwanagenzi sasa ana wanagenzi wake. Anawatendeaje? Usimfanye malaika.

Na kama unadhani wasichana walikuwa salama zaidi kwingine, Ellen Bright, aliyekuwa akiingia kwenye vizimba katika maonyesho ya Wombwell na kutangazwa kama malkia wa simba, aliuawa na chui milia mjini Chatham mwezi Januari 1850 akiwa na umri wa miaka 17. Ni miaka miwili tu baada ya riwaya yako kuisha. Msichana wako wa miaka tisa angemsikia akitajwa, huenda angemwonea wivu.

Kuhusu jengo, lilikuwa eneo la King Charles Croft. Mamia ya watu walianguka pamoja na roshani, na aliyekufa ni Susannah peke yake. Jambo hilo liandike bila kuliongezea chumvi, kwa maana ukiongeza maiti utakuwa umemfanya yeye mmoja wa wengi.

Mtunza Farasi, Maskati

Dada, umeuliza kijana awe wapi. Awe zizini, nyuma ya pazia, ameshika farasi wawili wanaosubiri zamu yao. Unaliandika poromoko likawa kelele kwa sababu unataka tulione lote, na hakuna mtu aliyekuwepo ambaye angeliona lote. Mtunza farasi angesikia mbao zikilia kabla hazijakatika, na farasi wangesikia kabla yake: masikio yanaelekea nyuma, shingo inapanda, miguu ya mbele inaanza kukanyaga mahali pamoja. Halafu ule mshindo, na mara baada ya hapo hatamu mbili zinazovuta pande tofauti.

Wakati huo silika ya mtu yeyote ni kukimbia kwenda kwenye vilio. Yeye hawezi, kwa maana farasi wawili wakichomoka ndani ya jengo la mbao lenye mamia ya watu walioanguka chini, watakaokufa watakuwa wengi kuliko waliouawa na mbao. Kwa hiyo anafanya kazi yake. Anavua koti na kumfunika macho yule mwenye woga zaidi, anamgeuza mwenzake uso wake uelekee ukutani, anazungumza nao kwa sauti ileile ya kila siku, hata kama mikono yake inatetemeka. Anaweza kuzungumza nao Kiswahili, kwa kuwa farasi wa Fanque watakuwa wameizoea sauti yake kwa lugha hiyo tangu alipoajiriwa. Watu wanapita mbele ya pazia wakikimbia, naye anashika majina wanayoyaita. Jina la mama aliyekuwa mlangoni linaitwa mara nyingi kuliko mengine, na sauti ya bosi haimo kati ya zinazoita.

Ukiandika hivyo, hutahitaji kumtungia Fanque hata neno moja usiku ule. Kijana hatamwona akiupokea mwili wa mkewe, na msomaji naye hatamwona. Atakapotokea mtu wa kumpokea hatamu, kijana atataka kujua kwanza nani anawashika farasi wa mlango wa pili, kisha ndipo ataruhusu koti liondolewe.